Sauti Kwenye Kinamasi cha Lempi

Saimi Kortesalmi alikuwa mtu wa kusikiliza. Wenzake katika chuo cha ubunifu Helsinki walibuni viti na taa. Yeye, kwa tasnifu yake ya uzamili, alichagua sauti za vinamasi vya Kainuu, mkoa wa kwao kaskazini mwa Ufini. Ukimuuliza kinamasi kina sauti gani, alifumba macho kwanza. Maji yanapanda taratibu chini ya majani yaliyolowa, povu linapasuka, korongo wanaitana ndani ya ukungu, kisha kimya kinavuta pumzi. Akitembea humo, ardhi ikibonyea na kuinuka kama godoro, hakuwa na hakika kama yuko macho au anaota, wala hakujisumbua kujua.

Msimamizi wake, Outi, alikuwa na sharti moja: kazi yote iwekwe kwenye tovuti ya wazi tangu mwanzo.

"Usifiche kitu, Saimi. Hata ulipokosea paonekane. Mtu akitaka kusimama uliposimama wewe na kusikia ulichosikia, aweze."

Saimi alilipenda sharti hilo kupita kiasi. Kila Ijumaa aliweka sauti mpya, picha, maelezo mafupi na alama kwenye ramani. Watu wakaanza kumfuatilia. Mama mmoja wa Norwei alimwandikia kwamba mwanawe halali siku hizi bila ukungu wa Kainuu.

Ukurasa uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa kinamasi cha Shangazi Lempi. Humo, nyuma ya korongo, sauti ya mwanamke iliimba bila maneno, ikipotea na kurudi, hadi msikilizaji akajiuliza kama ni mtu kweli. Saimi aliandika chini yake, "Mchumaji wa lakka," akaweka alama ya ramani kama kawaida yake.

Hapo ndipo alipoharibu. Mtu wa Kainuu anaweza kukutajia mshahara wake, na akilewa hata mambo ya chumbani. Mahali anapochuma lakka hakutajii. Tunda lenyewe ni dogo, la manjano, halikubali kupandwa shambani, na sheria inamruhusu yeyote kulichuma popote linapoota. Ulinzi uliopo ni mdomo kufungwa, basi. Lempi, dada wa baba yake Saimi, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alikuwa akiegesha gari kando ya ziwa, mbali kabisa, na kubeba ufito wa ndoano ili majirani wadhani anakwenda kuvua. Marehemu mumewe, Tauno, alikula jamu ya lakka maisha yake yote ya ndoa bila kujua inatoka upande gani. Saimi peke yake ndiye aliyewahi kupelekwa. Lakini kwa kuzoea Ijumaa zile, pale palikuwa pamebaki sauti tu kichwani mwake, naye akasahau kwamba ni mahali pa mtu.

Mwishoni mwa Julai simu ililia.

"Saimi, nimekuta magari yamejipanga kama kuna harusi," alisema Lempi. "Kijana mmoja wa mjini Oulu kanionyesha ramani kwenye simu yake. Eti, 'Mama, karibu, hapa pana lakka.' Ananikaribisha mimi!"

Akakata. Baada ya hapo hakupokea tena.

Saimi alipanda treni hadi Kajaani, kisha basi. Shangazi alimfungulia mlango bila kumkumbatia, na mezani hakukuwa na kahawa. Kwao hata mtoza kodi huwekewa kahawa. Saimi aliogopa kweli: huyu ndiye mama pekee aliyebaki naye, na alikuwa anampoteza.

"Nisamehe, Shangazi. Alama nimeshaifuta."

"Umeifuta! Na vichwani mwa watu utaifuta na nini? Hebu nisikie hicho kilichowaleta."

Lempi akavaa hedifoni, akatazama dirishani. Uso ulilainika, kama mtu anayesinzia kwenye jua. Halafu ukakakamaa. Akazivua polepole.

"Nani anaimba?"

"Ni wewe, Shangazi."

"Najua ni mimi, sijawa kiziwi. Nauliza nani kakupa ruhusa." Akaziweka hedifoni mezani. "Lakka zitaota tena, we mtoto. Wale wa Oulu mbu watawafunza adabu. Lakini hii! Tauno mwenyewe hakuwahi kunisikia. Nilikuwa naimba kule kwa sababu hakuna mtu."

"Mimi nilikuwepo."

"Wewe sikukuhesabu mtu. Wewe ni wangu."

Saimi alilia. Alitaka kueleza kwamba ukurasa ule ndio moyo wa tasnifu, na watahini wanakutana mwezi ujao. Akayameza maneno hayo. Akafungua kompyuta palepale na kuifuta sauti, shangazi akitazama begani kwake. Mahali pake aliandika, "Hapa palikuwa na sauti ya mtu. Sikumwomba."

Outi alipiga simu jioni. "Hiyo ndiyo ilikuwa tasnifu yako, Saimi."

"Najua."

Lempi, aliyesikia yote, aliinuka akabandika kahawa. "Kesho uvae mabuti," alisema. "Kipo kinamasi kingine, huku mpakani."

"Tauno alikijua?"

"Tauno! Huyo hata soksi zake alikuwa hajui zilipo."

Wakacheka, na Saimi akalala akijua amesamehewa.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Walichuma bega kwa bega, ndoo zikijaa, kinamasi kikipumua chini yao. Korongo waliitana. Saimi, safari hii bila kinasa sauti, alitega sikio, akangoja. Lempi alichuma kimya mpaka jua likapasua ukungu.

"Shangazi, mbona huimbi?"

Lempi alinyoosha mgongo, akatazama mbali.

"Nimejaribu, mwanangu. Nikifungua mdomo, najisikiliza."

Akainama tena, akaendelea kuchuma.