Vidoje Avuke Akiwa Hai

Asubuhi hiyo Stamenka alimnyoa mumewe ndevu, akamvisha shati jeupe la sikukuu na kofia yake ya sufu, kisha akampaka mashavuni rangi kidogo aliyoiazima kwa binti wa jirani. Vidoje, ambaye hakuwa ameinuka kitandani tangu theluji ya kwanza, alimtazama kwa pembe ya jicho.

"Unanioza tena?"

"Nyamaza. Nataka wale wa mpakani wakuone una damu."

Daktari alikuwa amesema zimebaki siku chache. Vidoje alitaka kuzikwa ng'ambo ya mto Drina, kijijini kwao Osoje, kando ya mama yake na kando ya mtoto wao wa kwanza, aliyeishi wiki moja tu. Walipooana, Drina ulikuwa mto wa kuogelea. Ulivuka daraja na mkokoteni wako wa plamu, na hakuna aliyekuuliza unakwenda wapi. Sasa ni nchi mbili na vizuizi viwili. Aliye hai huonyesha kitambulisho akapita. Maiti ndiyo yenye makuu: hudai jeneza lenye bati ndani, cheti cha daktari, kibali cha afya na muhuri wa ubalozi. Stamenka aliyajua hayo kwa sababu shemeji yake, Milisav, alilazwa kwenye jokofu la hospitali akingoja muhuri hadi maua ya mazishi yakanyauka.

Maisha yake yote Stamenka alikuwa mpishi wa shule. Hakuwahi kubishana na serikali; alibishana na sufuria tu. Lakini usiku alipomsikia Vidoje akikoroma kwa shida, alikata shauri: huyu atavuka akiwa hai.

Jirani yao Gvozden alileta gari lake kuukuu. Walimlaza Vidoje kiti cha nyuma, mito pande zote, kichwa mapajani mwa mkewe.

Kwenye kizuizi cha kwanza alikuwepo Nedeljko, polisi ambaye zamani alikula maharage ya Stamenka shuleni. Alivitazama vitambulisho, akavitazama tena.

"Shangazi Stamenka, cha mzee kimeisha muda."

"Lini?"

"Tangu Kwaresima."

Stamenka alikuwa amekumbuka dawa, blanketi, hata soksi za kuzikia. Kitambulisho alikichomoa tu kwenye pochi ya mumewe bila kukisoma. Na ili kupata kipya, mtu hupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole kituoni, ilhali Vidoje hakuweza hata kukaa wima.

"Mwenyewe naye muda wake unaisha, Nedeljko," alisema. "Yeye nimpeleke ofisi gani?"

Nedeljko aliinama dirishani, akamwona mzee, akavua kofia. Akaivaa tena upesi.

"Ulikuwa unaniongezea maharage," alisema kwa sauti ya chini. "Basi mimi leo macho yananisumbua. Lakini wale wa mbele siwajui, Shangazi. Wakikurudisha, usije ukanililia."

Darajani palikuwa na foleni ya malori ya mbao. Gvozden alizima injini, na humo ndani ikasikika pumzi ya Vidoje peke yake, ikija na kukawia.

"Pumua," Stamenka alimnong'oneza.

"Napumua. Usinikimbize, mwanamke."

"Ukinifia hapa katikati, sijui nitakwambia nini."

"Utanigombeza. Ndiyo kazi yako."

Stamenka alimrekebishia kofia.

Kizuizi cha pili kilikuwa na afisa, binti mdogo, nywele kazifunga kwa nyuma, uso mkavu. Alichukua vitambulisho, akakitoa kimoja pembeni.

"Hiki hakifai. Mrudisheni."

"Dada," Gvozden aliingilia, "huyu hata ukimfungulia duka zima hana nguvu ya kuiba peremende."

"Sikuongea na wewe, dereva." Akamgeukia Stamenka. "Mama, nielewe. Nikimwingiza na hiki, hatatoka. Unasikia? Hatatoka."

Sauti ilitoka mapajani mwa Stamenka, nyembamba kama uzi.

"Ndiyo maana nimekuja, binti. Sitaki kutoka."

Binti aliinama. Aliona shati la sikukuu, akaona rangi ya mashavu iliyoanza kuchuruzika kwa jasho. Alinyooka taratibu, akaingia kibandani, akafunga mlango. Kupitia kioo walimwona akiongea kwa simu. Lori nyuma yao likapiga honi. Gvozden akatoa kichwa nje na kumtukania dereva ukoo wake wote. Stamenka alikuwa ameweka kiganja kifuani kwa mumewe, hakukiondoa.

Binti alirudi. Kitambulisho cha Vidoje alikirudisha. Cha Stamenka, ambacho hakikuwa na kasoro, alibaki nacho mkononi, akauliza kama alivyozoea kumuuliza kila mpita njia:

"Na wewe, mama, utakaa muda gani?"

Stamenka alifungua mdomo. Wengine wote hujibu swali hilo upesi: siku mbili, wiki moja, hadi Jumapili. Chini ya kiganja chake kifua kiliinuka, kikashuka, naye akangoja kiinuke tena.

"Hilo usiniulize, mwanangu," alisema.

Uso wa binti uliwaka kwa aibu. Alimrudishia kitambulisho kwa mikono miwili, akaenda mwenyewe kuinua kizuizi.

"Twende, Gvozden," Stamenka alisema. "Lakini polepole."