Anwani Iliyosomwa Mgongoni mwa Rosina

Othmar alikuwa mtu wa dharau, na dharau yenyewe aliianza mapema. Akiwa bado mtoto huko Namswea aliwacheka wenzake waliokwenda na mama zao kulima mashimo ya ngoro mlimani. Aliporudi na cheti cha kompyuta akawacheka wote waliobaki. Akafungua ofisi Mbinga mjini, chumba kimoja nyuma ya duka la madaftari. Malori ya makaa ya mawe kutoka mgodi wa Ngaka yakipita, kioo cha dirisha hutetemeka, naye hukunja uso kana kwamba madereva wamemkosea yeye binafsi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti, na kazi hiyo aliijua. Waliomshinda ni watu.

Mama yake, Beata, alikuwa katika kikundi cha akina mama wakulima wa kahawa. Othmar aliwatengenezea tovuti, akaiweka kwenye kompyuta za kukodi zilizo nchi za mbali, zile ambazo wenye kazi hiyo huziita wingu. Akaipa jina fupi, tupu, lisilo na www mbele. Akina mama kwa furaha wakachapisha vitenge vya sare ya jubilei ya parokia, anwani ya tovuti yao ikakaa mgongoni, na www wakaiweka. Kwao anwani bila www ilikuwa kama padri bila kanzu.

“Mwanangu,” Beata alimwambia, “wanaofuata anwani ya kwenye kitenge hawafiki.”

“Si waache kuandika hiyo www.”

“Kitenge hakifutiki, baba.”

“Basi wajifunze. Nikianza kumshika mkono kila asiyejua, mama, nitashika mkono wilaya nzima.”

Kurekebisha ilikuwa kazi fupi tu: kuliandikisha jina lenye www kwenye orodha ya majina ya mtandao, kisha kuiagiza seva, ile kompyuta ya kukodi, kwamba kila anayekuja na jina hilo apelekwe moja kwa moja, siku zote, kwenye jina tupu. Othmar hakutaka. Alisubiri dunia inyooke kwanza.

Wakati huo alikuwa akimchumbia Herieth, mwalimu, binti wa Mbaha kule ziwani. Mambo yalikuwa yamefika pazuri. Suala la yeye Mkatoliki na wao Waanglikana lilikuwa limemezwa kwa shida. Ilibaki baba wa binti, mzee Bartholomayo, ataje siku ya kupokea posa. Beata, kwa kutaka kuwapendeza wakwe, akampelekea mama Herieth, Rosina, kitenge cha kikundi.

Bartholomayo, mvuvi, alikuwa na simu mpya na shaka ya zamani. Kila alipouliza kijana anafanya kazi gani, alijibiwa neno lisiloshikika mkononi. Sasa jibu lilikuwa limevaliwa na mkewe. Akamsimamisha Rosina kando ya kichanja cha kuanikia usipa, dagaa wa ziwani. “Geuka. Usitikisike,” alimwambia, akanakili herufi kwa herufi. Simu ikasema tovuti hiyo haipatikani. Akamgeuza tena, akanakili upya. Ilipokataa, akapanda gari la Mbinga.

“Shikamoo, baba,” Othmar alisimama haraka.

“Marahaba. Nimekuja kuiona kazi yako. Mgongoni kwa mke wangu haipo.”

Othmar aliitazama simu, na kicheko kikamtoka kabla hajakumbuka yuko mbele ya nani. “Ah, baba, umeandika www! Siku hizi hatuandiki hivyo.”

“Hamwandiki, nyie na nani? Nimeandika kilichoandikwa. Kitenge kaleta mama yako.”

“Basi kosa ni lao, baba, si la tovuti.”

“Nikija kwako kwa mlango wa jikoni, utaniambia ndani hamna mtu?”

Lori la makaa likapita, kioo kikatetemeka. Othmar hakukunja uso.

“Inarekebishika?” aliuliza mzee.

“Ndiyo, baba.”

“Na mama yako hakukuambia?”

Othmar akavuta kiti. Akaketi, akafanya palepale ile kazi aliyokuwa ameikataa. Kwenye kompyuta yake tovuti ikafunguka.

“Ona, baba.”

“Hiyo ni yako. Yangu?”

Simu ya mzee ilikataa. Ilikuwa bado inakumbuka jibu la mwanzo, na ingelishikilia kwa muda kabla ya kuuliza upya. Othmar akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyofanana na mwongo.

“Kwako inafunguka, kwangu haifunguki,” alisema Bartholomayo akitia simu mfukoni. “Hiyo si habari mpya, kijana.” Akaondoka bila kutaja siku.

Mtu ambaye hakuwahi kumsubiri yeyote akabaki kuisubiri simu ya mvuvi isahau. Jioni simu yake mwenyewe ikalia.

“Imefunguka,” alisema mzee. “Ila www imeondoka. Niliiandika mwenyewe, sasa naona jina tupu.”

Jibu la kejeli lilimfika Othmar kooni. Akalimeza. “Ndivyo inavyotakiwa, baba. Ukija kwa jina lolote kati ya hayo, unafika palepale.”

“Kwa hiyo hata sisi wajinga tunafika.”

“Mnafika, baba.”

Nyuma ya sauti ya mzee, Rosina alikuwa akicheka, akiuliza kama sasa anaruhusiwa kugeuka.

“Njooni Jumapili, baada ya ibada,” alisema Bartholomayo. “Mama yako aje, na mshenga aje.”

“Na mimi, baba?”

“Wewe njoo. Ila usiongee.”