Ulimi wa Mzee Bonifasi

Kwa miaka thelathini, hakuna mkulima wa zabibu pembezoni mwa Manyoni aliyeshika mkasi kabla Mzee Bonifasi hajatafuna. Alikuwa na mtindo wake. Anachuma punje moja katikati ya shamba na nyingine pembeni, anafumba macho, anazitafuna na maganda na mbegu zake, kisha anatema. Akisema "bado", mnarudi nyumbani hata kama gari la mnunuzi limeshafika. Akisema "kesho", wanawake wanaanza kutafuta ndoo. Kazi hiyo alijifunza ujanani kwenye shamba la mapadri, waliolima zabibu za divai ya misa, na ukimwacha aanze kuisimulia, chai yako itapoa.

Halafu mwaka juzi akaugua homa wiki tatu. Mwili ulipona, ulimi haukupona. Chumvi, sukari, ndimu, vyote kwake vikawa sawa na maji. Hakumwambia mtu. Angeanzaje? Bila ulimi ule alikuwa mzee tu mwenye magoti mabovu.

Mkewe, Agripina, alijua. Mwanamke aliyekupikia miaka arobaini hadanganyiki. Siku aliyosahau kutia chumvi kwenye mlenda na mzee akausifu, alielewa, akasubiri aambiwe. Hakuambiwa.

Msimu ukaanza. Mwezi wa nne, mvua zilipokatika, Bonifasi aliipogoa mizabibu yake na mikono haikuwa imesahau kitu. Machipukizi yakatoka, maua yakaja, salfa ikapulizwa kuzuia ukungu. Mwezi wa saba jua likawaka kwa hasira na zabibu zikawahi kuwa nyeusi tii. Ndege nao wakazivamia.

"Ndege hawakosei," Bonifasi alijiambia. Mwaka ule walikosea. Walikuwa na njaa tu.

Asubuhi moja wenzake wa kikundi cha wakulima walikusanyika shambani kwake, wakiongozwa na Yasinta, mjane wa jirani ambaye ndiye mwenyekiti wao. Safari hii hawakutaka kuuza zabibu zenyewe. Walitaka kukamua mchuzi wao, yaani maji ya zabibu ya kutengenezea divai, na mtengeneza divai mmoja wa Dodoma alikuwa ameahidi kwamba ukimridhisha, atauchukua kila mwaka.

"Shikamoo, baba," Yasinta alisema. "Tunakusikiliza wewe tu."

Bonifasi akachuma, akafumba macho, akatafuna. Mdomoni mlikuwa na unyevu na maganda, basi.

Agripina alimsogelea, akamnong'oneza. "Baba Innocent, nimeonja mimi. Bado zina ukakasi. Sema ukweli, hakuna atakayekucheka."

Yalikuwa maneno machache tu ya kusema. Lakini aliwatazama watu wale kumi na wawili, wote wakimsubiri kwa heshima, na akashindwa.

"Kesho," akasema.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye hakufa, ila kuumbuka aliumbuka. Mchuzi ulitoka mwepesi na mchachu. Mnunuzi alionja kijiko kimoja, akafunika ndoo, akaondoka moja kwa moja. Wenzake hawakumlaumu mzee hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Ulimi wangu umekufa, Mama Innocent," alimwambia mkewe walipofika nyumbani.

"Najua, mume wangu. Nilitamani uniambie kabla ya mavuno." Mzee akalia mbele yake, na yeye akalia pia.

Msimu uliofuata hakuitwa kuonja. Siku ya kuvuna alisikia ndoo zikigongana barabarani, akavaa kofia yake ya shambani na kukaa mlangoni, huenda wakamhitaji. Walipita. Vijana walimwamkia vizuri kabisa, kisha wakaendelea na safari yao.

Jioni Yasinta alikuja, vumbi mpaka magotini, uso umejaa furaha. Alikuwa amebeba sahani yenye kishada kikubwa, akampa kwa mikono miwili.

"Baba, mwaka huu tumepatia. Amepatikana mnunuzi mwingine, ameupenda mchuzi wetu. Tulitafuna kama ulivyotufundisha, na maganda na mbegu zake. Hebu onja!"

Bonifasi alichukua punje moja, akafumba macho na kutafuna taratibu, kwa muda mrefu.

"Tamu," akasema. "Tamu sana, mwanangu."

Yasinta akapiga vigelegele, akaenda zake. Mzee akabaki na sahani mapajani, anakula punje moja baada ya nyingine, akiitafuta ile ladha, huku machozi yakimtiririka, mpaka kikabaki kikonyo kitupu.