Mashine ya Kula Moshi

Juzi, kwenye soko la Panda, mchuuzi alikuwa akiuza kimashine cha kusafisha hewa, kidogo kama redio, kilichoachwa na familia iliyohama mji.

"Mama, hii inakula moshi yote ya mu nyumba."

Mama aliyesimama mbele yake alikigeuzageuza. Mume wake, alisema, alifanya kazi usine, kile kiwanda cha mji, hadi kiliposimama. Sasa yuko nyumbani, anakohoa tu. Kisha akachomoa kichujio. Kilikuwa cheusi. Akakinusa, akafumba macho.

"Ni harufu ya shati ya baba ya batoto, vile alikuwa anatoka ku kazi."

Mchuuzi akaharakisha kusema kinaoshwa kwa sabuni.

"Usioshe," mama akasema. "Hii moshi njo ilimupatia kikohozi. Na njo ilisomesha batoto." Akakirudisha taratibu. "Leo usine imekufa. Hii mashine itakula nini kwetu?"

Akaenda zake bila kununua.

Moshi ule wa kiwanda tuliulaani sote mjini, tukianua nguo mbio kila ulipoelekea kwetu. Nami nikaomba kichujio ninuse. Nilipogeuka kukirudisha, nyuma yangu palikuwa tayari na foleni ya kunusa.