Mrija wa Kwanza

Kaka yangu na dada yangu waliacha kusemeshana kwa sababu ya mrija. Wao wenyewe wakiulizwa husema ni "mambo ya kifamilia", na asiyewajua akadhani kuna jambo zito. Ni mrija wa kunywea pombe ya ndizi. Siku ya kupokea mahari ya binti wa dada, mtungi uliwekwa katikati, na kwetu mjomba wa binti ndiye anayeanza. Dada, ama kwa kusahau ama kwa kiburi, akampa shemeji yake mrija wa kwanza. Kaka akasimama, akavaa kofia, akarudi kwake Biharamulo bila kuonja hata wali. Miaka ikapita, watu wazima wenye wajukuu wakinuniana kwa ajili ya kipande cha tete.

Kisha mama akapigwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili ukafa na ulimi ukawa mzito. Kitindamimba ni mimi, na kitindamimba hana shughuli; ndivyo walivyoamua, kila mmoja kwa simu yake. Shughuli nilikuwa nayo. Nilikuwa na banda la chakula Lusahunga, nikiwapikia madereva wa malori. Nililifunga, nikahamia Bugarama kwa mama. Nilimgeuza, nilimwosha, nilimnywesha uji mwepesi. Mirija ya plastiki aliikataa. Alitaka ya tete, kama aliyoizoea tangu ujana wake, nami nikawa namkatia bondeni.

Kiuno changu kikaanza kugoma. Halafu nikasikia kuna mwanamke ameinjika sufuria zake pembeni ya banda langu, na madereva wanamsifia maharage. Kwa ndugu zangu nilitaka kitu kimoja tu: mmoja akae na mama hadi Pasaka, mimi nikafungue banda kabla sijasahaulika.

Kuwapata wote wawili siku moja, ilinibidi nimwambie kila mmoja kwamba mwenzake haji. Kaka alikuja na mfuko wa machungwa kwa mtu asiyeweza kutafuna. Akasimama mlangoni mwa chumba, pua ameikunja, akasema, "Shikamoo mama." Mama huchukua muda kuitoa marahaba yake. Ilipotoka, kaka alikwishaketi sebuleni.

Dada alifika kwa bodaboda kutoka Ngara mjini, amekumbatia kompyuta ya ofisini. Alipomkuta kaka alinuna kidogo, kisha akasema Mungu ndiye aliyepanga, maana amekuja na filamu.

"Ni ya ndugu waliokosana, mama yao akaugua," alisema. "Kule jumuiyani wote tumelia. Itatujenga."

Wakaitazama, kila mmoja kwenye ncha yake ya kochi. Mimi niliitazama nikiwa nimesimama, beseni la mashuka ya mama kiunoni. Mama wa kwenye filamu aliugua vizuri sana. Shuka lake jeupe, nywele zimechanwa, anatoa wosia mrefu bila kukohoa. Wanawe walimuuguza kwa mashati yaliyopigwa pasi, na sikuona hata mmoja aliyeshika kitambaa. Kazi yao ilikuwa kushikana mikono juu ya kitanda na kuombana msamaha. Nilizidharau zile sura, halafu nikawadharau zaidi hawa wawili wa kwangu, kwa sababu dada alikuwa analia kwa kwikwi na kaka ametoa leso. Chumba cha pili mama aliguna akitaka kugeuzwa. Nikaenda kumgeuza.

Niliporudi walikuwa wamekaa pamoja.

"Mdogo wangu, ule mrija nimeusamehe," kaka alimwambia dada.

"Asante kaka. Alikuwa shetani tu."

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Nilikuwa nimelima vya kutosha. Nikatoa kapu langu.

"Haya, nani anabaki na mama?"

Dada akasema ofisini kuna ukaguzi. Kaka akasema kuuguza mama ni kazi ya wanawake, ila nisihofu.

"Tuko pamoja sana, mdogo wangu," akaongeza.

Hasira niliyokuwa nayo haikuwa na pa kwenda, na saa ya uji ilikuwa imefika. Nikawaita wote wawili chumbani, nikamkalisha kaka kwenye kigoda karibu na mto, nikamkabidhi kikombe na mrija.

"Kaka, leo mrija wa kwanza ni wako," nikamwambia. Nilitaka aone haya, walau kidogo, na akiona haya pengine angebaki.

Hakuona kitu. Akafurahi. Akaweka koti lake sawa, akashika kikombe kwa mikono miwili kama mzee aliyeheshimiwa mbele ya mtungi. Mama akafungua mdomo, ule upande unaofunguka. Kaka akainama, akatia mrija kinywani mwake mwenyewe, akavuta.

"Hauna sukari," akasema, akampisha dada.

Dada naye akaonja. "Kweli, hauna."

Wakatazamana wakicheka, wamepatana kabisa. Hapo nikajua Pasaka itanikuta Bugarama. Nikawanyang'anya mrija, nikausuuza, nikakaa kwenye kigoda changu. Mama alikuwa bado amefungua mdomo.