Mzee Aliyewarudisha Vyura Timboni

Habari za kifo chake zilinifikia Jumanne baada ya adhuhuri, nikiwa nimekaa kwa kinyozi wangu hapa Kisauni. Mwanawe alinipigia simu, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia, "Mzee ametutangulia. Twamzika laasiri." Nyinyi wasomaji wangu hamkumjua. Miaka mingi alifanya kazi ya kupambana na mbu katika idara ya afya, na alipostaafu akajishughulisha na vyura. Waliomcheka ni wengi, nami nilikuwa mmoja wao.

Nilikutana naye Mwakirunge asubuhi moja ya masika, nilipokwenda kuandika habari za matimbo, yale mashimo yaachwayo na wakata mawe. Alikuwa amechutama kando ya timbo lililojaa maji, akiyatazama mapovu meupe yaliyong'ang'ania matawi juu ya maji. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka. "Usiyaguse, bwana. Mna mayai humo. Chura jike hulipiga povu kwa miguu ya nyuma, akataga ndani yake. Siku chache baadaye viluwiluwi hudondoka majini." Nikamwuliza anahesabu nini. "Waliorudi," akajibu, kisha akanieleza jambo ambalo sikulitarajia. Timbo lilo hilo, alipokuwa kazini, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akilimwagia oili chafu ili kuwaua mbu wangali wachanga majini. "Wallahi nilidhani natenda kheri. Mbu walikufa, na watoto wa chura wakafa nao. Mvua iliponyesha tena, mbu hawakukawia kurudi. Vyura hawakurudi. Mbu huzaa upesi, lakini chura hungoja akue kwanza, na mvua imkute na maji safi. Ukiwaua watoto wa msimu huu, na wa ujao, na wa baada yake, wazee wakifa hapana wa kushika nafasi."

Majirani hawakumwelewa upesi. Mwaka uliofuata nilikuwa naye pale pale alipotokea mama mmoja, jirani wa timbo, ambaye mwanawe alikuwa ametoka kulazwa kwa malaria. Mkononi alishika dumu la oili. "Mzee, wewe wahesabu vyura, mimi nauguza mtoto!" Nilidhani mzee atamhutubia. Akainuka polepole, akasema, "Una haki ya kukasirika, mwanangu. Nipeleke kwako." Nikawafuata. Mbele ya mlango wa yule mama, magurudumu ya malori ya mawe yalikuwa yamechimba vidimbwi vya kina kifupi vilivyopigwa na jua. "Mbu wa malaria hupenda sana maji kama haya," mzee akasema. Akaomba jembe. Asubuhi ile na nyingine kadhaa alivifukia kwa kifusi, akamtundikia mtoto chandarua, kisha akamwomba yule mama jambo moja: "Nipe masika haya tu. Mwanao akiugua tena, hiyo oili nitaimwaga kwa mkono wangu."

Mtoto hakuugua. Sisemi vyura ndio waliomkinga, na mzee mwenyewe alikataa kusema hivyo. "Ni jembe na chandarua," alikuwa akisisitiza. Lakini timbo nalo liliachwa lipumue, na masika baada ya masika mapovu yakaongezeka, hata siku moja nikamkuta akicheka peke yake kwa kuwa hesabu imempotea mara mbili.

Tulipomaliza kuzika, nilimwona yule mama matangani, amekuja na majirani zake. Akaniambia kwamba mzee alipokuwa mgonjwa kitandani, lori lilikuja kumwaga taka timboni. Wakasimama mbele yake, wanawake watano. "Dereva aliniuliza, kwani hapa pana nini? Nikamwambia, pana uzazi. Akageuza."

Wengi wetu tumeharibu kitu kwa nia njema: kazi tuliyotumwa, amri tuliyoitii, dawa tuliyoiamini. Tukishajua, tunaona haya, tunapita njia nyingine tusipaone mahali penyewe. Mzee huyu alirudi pale pale alipokosea, akainama, akakiri kwa sauti mbele ya wageni, akashika jembe. Aliyekosea akifanya hivyo mapema, huenda akaishi kuyaona maji yakijaa tena viumbe. Mwenyezi Mungu amrehemu. Yeye aliyaona.