Keki ya Gudrun

Kwa miaka kumi na tisa Gudrun Thestrup alikula keki za wenzake bila yeye kuleta hata moja. Katika maabara yao kule Lyngby, nchi ya baridi, anayeharibu kazi huandika jina lake na kosa lake kwenye karatasi ya mlangoni, na Ijumaa analeta keki. Ejnar, jirani yake wa meza, alikuwa amejaza karatasi tatu peke yake. Jina la Gudrun halikuwahi kuonekana hapo, na tuseme ukweli, mama huyo aliringa.

Kazi yake ilikuwa kupika vioo. Punje nyeusi za seleni, elementi inayofanana na salfa, huchemshwa ndani ya sanduku lisilo na hewa, mvuke wake ukatanda juu ya kioo, mwembamba na mwekundu. Kisha kioo huwekwa kwenye jiko la umeme kwa dakika mbili tu, mpaka kigeuke kijivu. Hapo ndipo seleni hupata nguvu ya kugeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Ukizidisha muda, imekula kwako.

"Keshokutwa unastaafu," Ejnar alimwambia Jumatano asubuhi. "Haribu basi hata kimoja, na sisi tufaidi."

"Utasubiri sana, bwana wee."

"Nimesubiri tangu nina nywele."

Ejnar akaenda kuchukua kahawa. Gudrun akaweka jikoni kioo chake cha mwisho. Ilikuwa Machi, na mbingu ilikuwa imenuna tangu Novemba. Ghafla mawingu yakaachana, jua likamwagika dirishani. Watu wa huko wakiliona jua la kwanza la mwaka huacha walichoshika. Hata kinyozi hutoka mlangoni na mteja wake aliyenyolewa nusu, wote wakafumba macho na kuinua nyuso. Gudrun naye akasogea dirishani, akafumba macho. Alisikia raha mpaka miguuni.

Alipofumbua, dakika kumi zilikuwa zimeyoyoma. Seleni ilikuwa imejikusanya vitone vitone, kama mafuta kwenye mchuzi.

Hakuna aliyemwona. Angesema kioo kilikuja kichafu, na nani angembishia? Alikishika juu ya pipa la taka, akatamani sana kukiachia. Lakini mwosha vioo alikuwa Ejnar, naye alimjua: angeviosha vyote upya akitafuta uchafu ambao haupo. Akaenda mlangoni, akaandika: "Gudrun. Nilikuwa naota jua."

Ejnar alirudi, akasoma mara mbili.

"Miaka yote tunalihangaikia jua," akasema, "na wewe ndiye wa kwanza kwenda kulisalimia."

Ijumaa Gudrun alileta keki ya nazi na sukari guru, ikaliwa mpaka makombo. Ejnar akavuta kiti karibu naye, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kuna kioo nilikiharibu mwaka juzi," akanong'ona. "Sijui mpaka leo nilikosea wapi. Nilikificha kabatini."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nani angethubutu kukuuliza wewe?"

Ilimuuma. Miaka kumi na tisa alidhani kutoulizwa ni heshima.

"Kilete," akasema. Akaazima koti jeupe la kazi la Ejnar, maana lake alikuwa ameshalirudisha kwa kustaafu.